Neno Moja kwa Dhana Moja: Istilahi katika Mwongozo wa Kusanifu Hifadhidata



Mwalimu aliyetufundisha insha alikata alama kila tuliporudia neno lile lile. Mafunzo yale yalinifaa kwa miaka mingi, hadi nilipoketi kuandika mwongozo wa kusanifu hifadhidata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sura ya kwanza niliandika "rekodi", ya pili "mstari", ya tatu "safu", nikidhani naipamba lugha. Mwanafunzi mmoja alinijia na daftari lake akaniuliza vitu hivyo vitatu vinatofautianaje. Havikutofautiana hata kidogo.

"Safu" ndiyo iliyoniponza zaidi. Tunasema safu ya meno, na hapo tunaona vitu vilivyopangwa kwa mlalo. Lakini safu ya gazeti husimama wima. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa hutofautisha "safu mlalo" na "safu wima". Ni jambo jema, ila mwandishi akichoka huliacha neno la pili, na agizo hubaki "futa safu". Katika jedwali la wasomaji wa maktaba, anayefuta safu mlalo hupoteza msomaji mmoja. Anayefuta safu wima hupoteza, tuseme, anwani za wasomaji wote. Tena umoja na wingi wa nomino hii ni sura moja, basi msomaji hajui afute moja au nyingi. Niliamua kuandika "mstari", ambao wingi wake ni dhahiri, na "safuwima" kwa neno moja lisilokatika.

Gumu zaidi ni "uhusiano". E. F. Codd, katika makala yake ya mwaka 1970, aliazima kutoka hisabati dhana ya uhusiano, ambao ni seti, na kile alichokiita kwa istilahi hiyo ndicho tunachokichora kama jedwali. Mwaka 1976 Peter Chen alieleza modeli yake ya huluki na mahusiano, ambamo uhusiano ni kiungo baina ya huluki: msomaji huazima kitabu. Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana. Sisi tumelibebesha neno moja mzigo wote. Matokeo yake, mwanafunzi huamini kuwa hifadhidata huitwa ya kiuhusiano kwa sababu majedwali yake yameunganishwa, na akikuta yenye jedwali moja tu huikana.

Katika mwongozo wangu dhana ya Codd ni "jedwali", na "uhusiano" nimemwachia Chen. Wapo watakaosema kwamba mistari ya seti haina mpangilio wala haijirudii, ilhali jedwali la karatasi huruhusu yote mawili. Ni kweli, na nimelieleza hilo pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza.

Sina ugomvi na wanaosema "kanzidata" badala ya "hifadhidata", mradi wasiyachanganye katika kitabu kimoja. Siku hizi, kabla ya kuandika sura yoyote, huandaa jedwali dogo lenye safuwima mbili, dhana na neno, na katika kila moja hairuhusiwi thamani kujirudia. "Safu" peke yake haimo.