Ukoka Chini ya Mwembe

Hapa Bagamoyo wengi hupanda ukoka chini ya mwembe, nao hufa. Huongeza maji, kazi bure. Ukoka unataka jua. Chini ya mnazi huota, maana makuti hupitisha mwanga. Mwembe haupitishi.

Basi mwezi wa Machi, kabla ya masika, kata matawi ya chini. Machache tu, embe tunazitaka! Kisha tafuta majani mapana yatambaayo, yaliyozoea kivuli. Mvua ikianza, panda vipande vyake, shubiri moja kati ya kipande na kipande. Usipafagie tena. Ufagio hulegeza mchanga, mvua huuchukua, na msingi wa nyumba yako hubaki wazi. Karibu na shina usipande kitu. Mizizi haitakuachia maji.