Sikio Linalolia Usiku: Taya na Usingizi Vinahusikaje?

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unapungua.)

Mama zetu mlio jikoni na mlio kwenye foleni ya maji, poleni na kazi. Mlioko Nyarugusu, mlioko Nakivale, mlioko Kakuma, na popote sauti hii inapowafikia, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha afya.

Leo tunajibu swali lililotufikia kwa karatasi. Aliyeliandika ni mama, na ameomba jina lake tusilitaje. Anasema masikio yake yanalia nziii, kama wadudu wa usiku. Mchana anasahau, lakini akijilaza tu kwenye mkeka, mlio unaanza. Alfajiri anaamka taya zinamuuma kama mtu aliyetafuna mfupa usiku kucha. Majirani wamemwambia amelogwa. Anauliza kama anaanza kuwa na wazimu.

Mama, hapana. Huna wazimu, wala hujatupiwa kitu na mtu. Mlio wa namna hiyo unawapata watu wengi duniani, matajiri na maskini, wazee na vijana. Mmoja anausikia kama nyenje, mwingine kama upepo, mwingine kama sufuria inayotokota, mwingine kama injini ya mbali. Watu husema sikio likilia, basi kuna mahali unasemwa. Hayo ni maneno ya barazani, tunacheka nayo. Lakini mlio wa kila usiku, unaomnyima mtu usingizi, unataka maelezo ya kweli.

Tutenganishe jambo moja kwanza. Tunazungumzia mlio: kuvuma, kupiga filimbi, nziii. Mtu anayesikia maneno, sauti za watu wanaomwita au kumwamrisha, hilo ni jambo jingine. Nalo lina msaada wake kliniki, si aibu.

(Muziki mfupi.)

Sasa, mlio unatoka wapi? Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu ndogo iliyojikunja kama konokono. Humo mna seli ndogo sana zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio. Kazi yake ni kupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Zinaharibiwa na umri. Zinaharibiwa na mlio wa bunduki na mabomu, na wengi wetu hapa tunaujua. Zinaharibiwa na kelele za mashine ya kusaga kwa mtu anayeshinda pale kila siku, na muziki wa juu sana wa kuvaa masikioni. Baadhi ya dawa pia huziharibu.

Fikiria unatafuta redio ya mbali, na sauti inakuja kidogo. Unafanya nini? Unaongeza sauti. Unaongeza, unaongeza, mwisho unachosikia ni mkwaruzo wa redio yenyewe. Ubongo nao hufanya hivyo. Ukikosa sauti uliyoizoea kutoka sikioni, unaongeza nguvu ya kusikiliza, na mkwaruzo wake wenyewe ndio unaousikia kama mlio.

Kwa hiyo mara nyingi jambo huanzia sikioni. Lakini kwa nini usiku huu ni mkali na jana ulikuwa mdogo? Sikio ni lile lile. Kilichobadilika mara nyingi ni mwili unaolibeba, na leo tunataja vitu viwili: taya na usingizi.

Tuanze na taya. Hebu fanya pamoja nami, hapo ulipo. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio. Fungua mdomo, funga. Unahisi kitu kinacheza chini ya kidole? Hicho ni kiungo cha taya. Kiko jirani na sikio kama vyumba viwili vinavyotumia ukuta mmoja. Tena si ujirani tu. Mishipa ya fahamu inayoleta habari kutoka kwenye taya, na ile ya shingo, inafika kichwani mahali ambapo habari za sikio nazo zinapita. Misuli ya taya ikikazwa muda mrefu, habari zake zinachanganyika na za sikio, na mlio unapanda.

Unaweza kujipima. Kaa mahali penye utulivu, usikilize mlio wako ulivyo. Kisha bana meno kwa kiasi, hesabu moja hadi tano, achia. Sukuma taya ya chini mbele, achia. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa taratibu dhidi ya mkono, achia. Ukiona mlio umepanda, umeshuka au umebadilika sauti, usiogope. Haujaharibu kitu. Umejua tu kwamba taya au shingo ina mchango wake. Pima mara moja inatosha, usirudie kutwa nzima.

Dalili za mtu anayebana au kusaga meno usiku ni hizi: kuamka na taya nzito, maumivu pembeni mwa kichwa, alama za meno kwenye ulimi au ndani ya mashavu, meno kulika. Mara nyingine anayejua ni yule mnayelala naye chumba kimoja, maana yeye ndiye anayesikia meno yakisagana. Wapo wanaosema kusaga meno ni minyoo. Kwa mtu mzima, tazama zaidi mawazo, usingizi mbovu, pombe, sigara na kahawa nyingi.

Na kwa nini sisi tunabana meno? Wasikilizaji, sina haja ya kuwaeleza sana. Mgao umepunguzwa, watoto watakula nini wiki ya mwisho? Kule nyumbani kuna mtu hapatikani kwenye simu. Kuna mama anayelala peke yake na watoto, mlango ni kipande cha turubai, na kila nyayo zikipita nje anakaza taya na kusikiliza. Mwili unajiandaa kukimbia hata ukiwa umelala. Ukikuta taya zako zimekazwa, usijilaumu. Lakini ujue.

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye usingizi. Koroboi ukiiwasha mchana nje, mwanga wake huuoni. Iwashe usiku ndani, itajaza chumba. Koroboi ni ile ile. Mlio nao uko hivyo. Mchana kuna watoto, kuna kinu, kuna redio ya jirani. Usiku vyote vinanyamaza, mlio unabaki peke yake. Ndiyo maana wengi wanasema usiku wa mvua, mvua inapopiga juu ya turubai, wanalala vizuri. Mvua haijatibu sikio. Imewapa masikio kitu kingine cha kusikiliza.

Halafu kuna duara baya. Usiku hukulala kwa sababu ya mlio. Kesho yake umechoka, umekasirika haraka, misuli imekaza. Mwili uliochoka unasikiliza kama mlinzi mwenye hofu, kila sauti kwake ni adui. Mlio unaonekana mkubwa zaidi, unauogopa, hulali tena. Mlio unaiba usingizi, na kukosa usingizi kunaulisha mlio. Tukitaka kulikata duara hili, mahali pa kushika ni pale mkono wetu unapofika: taya na usingizi.

Tufanye nini, basi? Nataja mambo yanayowezekana katika nyumba zetu hizi.

Kwanza, pumzisha taya mchana. Midomo ikutane, meno yasikutane, ncha ya ulimi itulie nyuma ya meno ya juu. Ukitamka "nnn" ulimi unafika hapo wenyewe. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, saa nyingine yapumzike. Jiwekee alama: kila unapoinua dumu, kila unaposogea kwenye foleni, jiulize meno yako yako wapi. Yakiwa yamebanana, achia, shusha na mabega.

Pili, jioni chovya kitambaa kwenye maji ya moto kiasi, yasiyounguza. Kamua, weka kwenye mashavu mbele ya masikio kwa dakika 10 hivi. Kisha kwa vidole kanda misuli ile inayotuna ukibana meno, kwa mzunguko, polepole.

Tatu, angalia unachotafuna. Mahindi makavu ya kuchoma, miwa ya kung'oa kwa meno, na bazoka ya kutafuna kutwa vinachosha taya. Kwa wiki chache chagua ugali, maharage yaliyoiva vizuri, mahindi ya kuchemsha. Tafuna pande zote mbili. Ukipiga mwayo, shikilia kidevu kidogo usipanue sana.

Nne, usingizi. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Mchana ukisinzia, iwe nusu saa, siyo tangu saa sita hadi saa kumi. Chai ya majani na kahawa ziishie mchana. Pombe inaleta usingizi wa haraka, lakini usiku wa manane inakuamsha, na meno unasaga zaidi.

Tano, usikae kwenye ukimya mtupu. Redio ndogo kwa sauti ya chini, au simu yenye sauti ya mvua ikiwa una chaji. Sauti hiyo isiuzidi mlio wako, iwe chini yake kidogo. Usiweke kitu ndani ya masikio na kufungulia sauti kubwa. Na usiache moto au koroboi ikiwaka ndani ukilala kwa sababu ya kutafuta kitu cha kusikiliza. Turubai linashika moto haraka.

Sita, ukilala usingizi usipokuja, usibaki hapo unapigana na mlio. Keti, vuta pumzi polepole, itoe ndefu kuliko ulivyoivuta. Salini kama ni desturi yenu. Ukihisi macho mazito, rudi ulale.

Na kwa mama yule anayelala sikio moja likiwa mlangoni: kitambaa cha moto pekee hakitamtosha. Zungumza na jirani mnaoaminiana, mjue nani anaita nani usiku. Mwambie kiongozi wa mtaa au zoni. Nenda kwenye ofisi ya ulinzi ya kambi. Usalama wako ni sehemu ya dawa. Ndoto mbaya za vita nazo zina washauri nasaha wa kuzungumza nao.

(Muziki mfupi.)

Sasa mambo ya kuacha. Usimwage ndani ya sikio mafuta ya moto, maji ya kitunguu, mkojo wala mafuta ya taa. Usichokoe kwa njiti ya kiberiti, unaisukuma nta ndani, na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Nta iliyoziba nayo huleta mlio, lakini kuitoa ni kazi ya mhudumu wa afya. Na yule anayeuza sokoni chupa ya kumaliza mlio kwa siku tatu, muache na chupa yake. Hakuna kidonge kinachofuta mlio wa namna hii.

Kuhusu dawa. Kwinini inaweza kufanya masikio yavume. Kwa wengi mvumo huondoka dozi ikiisha. Usikatishe dozi mwenyewe, malaria inaua. Mwambie aliyekupa dawa, yeye ataamua. Aspirini nyingi pia huvumisha masikio. Na ukiwa unapigwa sindano za gentamaisini au streptomaisini, ukasikia mlio mpya au usikivu unapungua, sema siku hiyo hiyo.

Tafadhali sikiliza vizuri hapa. Nenda kliniki haraka ukiwa na moja ya haya: usikivu umepotea ghafla, kwa saa chache au siku moja hadi tatu, hili lisisubiri wiki ijayo. Mlio wa sikio moja tu usioisha. Mlio unaodunda pamoja na moyo. Usaha au damu sikioni. Kizunguzungu kikali. Uso kulegea upande mmoja. Mlio ulioanza baada ya kupigwa au kuanguka kichwa. Na mtu ambaye mlio umemchosha hadi anawaza kujiua, asibaki peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni, kaeni naye.

Wasikilizaji, sitawaahidi kwamba mlio utaondoka wote. Kwa wengine unaisha, kwa wengine unabaki mdogo, kama kinu cha jirani ambacho umekizoea hukisikii tena. Taya haitulii kwa siku moja. Jipe wiki nne hadi sita, uone. Mama uliyetuandikia, anza usiku huu na kitambaa cha moto na meno yaliyoachana. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu anayelalamika masikio yanalia, msimcheke, msimwite mchawi wala mlogwa. Mwambieni mlichosikia leo.

Maswali yenu leteni kwa karatasi, au mpeni mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Jina si lazima.

Mbaki na amani. Lala salama, na meno yasikutane.

(Muziki wa kufungia kipindi.)