Kuvuta si kazi, kazi ni kusimamisha
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, juu ya remorke ya chama)



Kamati imetuomba sisi tunaowasindikiza kutoka shirika tuseme kidogo juu ya remorke. Wale waliokaa Nyarugusu na Lugufu wanaiita tela, waliobaki hapa wanasema remorke. Ni kitu kimoja, kile tulichochomelewa na mafundi wa Uvira kwa ekseli ya gari iliyokufa, tukakilipa kwa kotizasiyo zetu.

Kwanza tuseme kosa letu, maana hatukuja hapa kufundisha kama watu wasiokosea. Ile siku ya kuteremka kutoka Uvira kwenda Baraka, sisi tulikuwa ndani ya gari. Tulipakiza mifuko 9 ya simenti na mabati ya nyumba ya mama mmoja wa chama. Mabati ni marefu, basi simenti tukaisukuma nyuma kabisa. Vijana wawili wakaomba wapande juu wakamate mzigo. Tulisema sawa. Hakuna aliyetulazimisha.

Gari ilipanda vilima vyote bila kulalamika. Tukasema: angalia, gari inavuta tu, haina shida! Hapo njo tulidanganyika. Kwenye mteremko, remorke ikaanza kupiga mkia, kushoto, kulia. Shofere akakanyaga freni kwa nguvu. Remorke ikasukuma gari upande, vijana wakaanguka, mmoja akavunjika mkono. Mifuko 4 ya simenti ilipasuka. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna gari iliyokuwa inakuja mbele.

Sasa tufanye hesabu ambayo tungeifanya kabla ya safari. Remorke yetu tupu ina kilo 180. Mifuko 9 ya kilo 50 ni kilo 450. Jumla kilo 630, bila kuhesabu mabati wala vijana wawili. Gari yetu yenyewe ina karibu kilo 1,000. Na remorke haina freni yake. Maana yake, freni za gari peke yake njo zinasimamisha vyote viwili.

Kule Ulaya watu huvuta hata vinyumba vya likizo, karavani, kwa gari ndogo kama yetu. Lakini sheria yao imeweka mpaka: remorke isiyo na freni isizidi nusu ya uzito wa gari inayoivuta, na hata gari ikiwa kubwa namna gani, isizidi kilo 750 pamoja na mzigo. Kwetu nusu ni kilo 500. Toa 180 za remorke, zinabaki 320. Hiyo ni mifuko 6, tena kwa barabara nzuri ya lami. Kwa barabara yetu tunapendekeza 5, basi. Na kama kuna mabati, simenti ipungue.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka mzigo. Kizito kikae katikati, juu ya ekseli, na kisogee mbele kidogo tu. Ukiweka nyuma, remorke inainua matako ya gari, tairi za nyuma zinapoteza nguvu ya kushika barabara, na mkia unaanza kucheza. Ukijaza mbele kupita kiasi, gari inakaa chini nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na taa zinamulika mbinguni. Kipimo ni hiki: katika kila kilo 100 za remorke iliyopakizwa, kilo 5 mpaka 7 zilale juu ya ndoano ya gari. Kwa mifuko 5, jumla ni kilo 430, basi ndoano ibebe kati ya kilo 22 na 30. Kupima si vigumu. Simamisha remorke mahali sawa, chukua mizani ya kupimia watu, weka juu yake kipande cha mti chenye urefu wa kufika usawa wa ndoano, kisha lalisha kichwa cha remorke juu ya ule mti. Soma. Ikipungua, sogeza mfuko mmoja mbele.

Tatu, barabarani. Remorke ikianza kupiga mkia, usikanyage freni kwa nguvu, usiongeze moto, usipigane na usukani. Ondoa mguu kwenye moto, shika usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe. Kabla ya mteremko, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Gia uliyopandia mlima, teremka nayo. Freni ikishikwa njia nzima inapata moto na mwisho haishiki tena. Acha nafasi kubwa mbele yako kuliko siku unapokuwa bila remorke.

Na kabla ya kutoka: ndoano imefungwa, minyororo miwili imepitishwa msalaba chini yake, taa za nyuma zinawaka, tairi zina upepo, mzigo umefungwa kamba. Mzigo unakamatwa na kamba, haukamatwi na mtu. Hakuna mtu juu ya remorke, hata mgonjwa, hata mtoto wa mwenye mzigo.

Tunajua swali linalokuja. Mzee mmoja alituuliza juzi: "Sasa mnataka mama yetu anyeshewe kwa sababu ya hesabu zenu?" Mzee, swali lako ni la haki. Mvua haingoji, na safari mbili zinakula mafuta mara mbili. Lakini tazameni safari moja imetukula nini: hospitali ya kijana, mifuko 4, na nyumba ya mama mpaka leo haijaisha. Mafuta ya safari ya pili yangekuwa kidogo mbele ya hayo.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mambo matatu leo. Moja, "MIFUKO 5" iandikwe kwa rangi ubavuni mwa remorke, ili shofere asibishane na mtu njiani. Mbili, mafuta ya safari ya pili yatoke kwenye sanduku la chama, yasimwangukie mwenye nyumba. Tatu, shofere akisema hapana, hata sisi wa shirika tumtii.

Ile mifuko 4 iliyopasuka, sisi tuliokuwa ndani ya gari tutachangia kuinunua. Ikipatikana, inaingia safari moja bila shida. Kabla ya hapo tunahitaji mizani ya kuazima. Nani yuko nayo?