Daftari la Bendera: CIA na Watu Wake Ziwani Tanganyika, 1965



Nilipoombwa mada juu ya historia ya mashirika ya ujasusi wa nje, nilitarajiwa labda nianzie Washington, mwaka 1947, Rais Truman alipotia saini sheria iliyolizaa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Nitaanzia Bendera, kule kunakotoka umeme wa mji huu, siku unapotufikia.

Tarehe 29 Juni 1965 waasi wa Kongo walioitwa Simba, wakimbizi wa Rwanda na Wakuba walishambulia kambi iliyolinda mitambo ya umeme ya Bendera. Walishindwa vibaya. Wakuba wanne waliuawa, na mmoja wao alikutwa na daftari. Daftari hilo ndilo lililowahakikishia Wamarekani kwamba Havana ilikuwa na askari katika milima yetu. Shirika lenye ndege, fedha na wapashaji habari kila pembe lilipewa habari yake kubwa na maiti.

Watu wa shirika hilo nchini kwetu tunawajua hasa kupitia Larry Devlin, aliyefika Léopoldville Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, kuwa mkuu wa kituo. Septemba mwaka huohuo mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alimletea sumu ya kumwua Patrice Lumumba. Devlin alishikilia hadi mwisho kwamba hakuitumia. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Habari ya sumu ilitoka hadharani mwaka 1975, kamati ya Seneta Church ilipoichunguza CIA, na mwaka 2007 Devlin alitoa kitabu chake. Kisomeni, lakini kwa jicho la hakimu: mwandishi anajitolea ushahidi katika kesi yake mwenyewe.

Turudi ziwani. Simba waliuteka mji huu, uliokuwa bado unaitwa Albertville, Juni 1964, wakaupoteza mwishoni mwa Agosti. Silaha zao ziliendelea kuvuka kutoka Kigoma. Ndipo CIA ikaleta boti za doria zenye bunduki, zikisaidiwa na ndege zake za T-28 na B-26. Marubani walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, baadhi yao wakiwa bado na kidonda cha uvamizi ulioshindwa wa Ghuba ya Nguruwe, Kuba, 1961. Basi Wakuba wa Castro walikuwa milimani, Wakuba wa CIA angani na majini, na ugomvi wa kisiwa cha mbali ukamalizwa juu ya vichwa vya wavuvi wetu.

Kuna jambo linalonichekesha kila ninapolifikiria. Wakuba wa milimani walijipa majina ya namba za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja. Daktari mmoja aliyevuka kutoka Kigoma tarehe 24 Aprili 1965 akaitwa Tatu. Huyo Tatu ni Che Guevara. Oktoba mwaka ule Castro alisoma hadharani barua yake ya kuaga, na dunia ikazidi kuuliza yuko wapi, naye yuko upande wa pili wa safu hii ya Fizi. Mwanzoni, alipojitambulisha kwa Chamaleso, mjumbe wa Simba, huyo alishtuka akakimbilia Dar es Salaam kumwarifu kiongozi wake, Laurent Kabila. Che aliondoka kwa boti tarehe 21 Novemba, akiwa ameshindwa, na doria haikumkamata.

Yote haya tunayajua kutoka kwa Wamarekani na Wakuba. Upande wetu ni kimya. Nani aliwatafsiria marubani maneno ya wenyeji? Wavuvi wa ndagala, ambao kazi yao ni usiku na taa, walipitaje mbele ya boti zile? Nani aliwapakulia mizigo? Nimesoma nyaraka za serikali ya Marekani juu ya Kongo zilizochapishwa mwaka 2013: mabalozi wana majina, mawakala wana majina ya siri, lakini mbeba mzigo hana hata namba.

Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa amepita 70. Kama kwenu yupo mzee wa namna hiyo, mwandikieni katibu jina la mtaa wake kabla ya chakula cha mchana. Karatasi iko mlangoni.