Dhiki Ina Majina Mengi

(Mawaidha kwa vijana, baada ya swala ya Alasiri)



Himdi zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu kijana, na wewe dada yangu, ukimuuliza mwenzio "Vipi mambo?", mara nyingi atakujibu "Tuko tu." Ni maneno mawili, lakini huenda ndani yake mna kodi ya nyumba haijalipwa, mna kazi imekatika, mna mama mgonjwa kitandani. Kila lugha ina njia yake ya kusema "niko pabaya". Tukizisikiza njia hizo, pengine tutajifunza kumsikia aliye jirani yetu.

Tuanze hapa kwetu. Mswahili akizidiwa husema maji yamemfika shingoni. Au atasema maji yamezidi unga, manake sima haishiki tena, na unga wa kuongeza hana. Kijana wa mtaani atakwambia "nimesota". Mfaransa aliyekwama husema yuko ndani ya pétrin, yaani chombo cha kukandia unga wa mkate: ukishaingia, unga umekunata. Mswahili na Mfaransa hawakuagana, lakini wote wawili wameingia jikoni.

Mchina husema amempanda chui milia, na kushuka ni vigumu. Mmarekani husema yuko kati ya mwamba na mahali pagumu. Mwaka 1921 iliandikwa kwamba watu wa Arizona waliyatumia maneno hayo kwa mtu aliyefilisika. Mwarabu husema yuko kati ya nyundo na fuawe. Tena Waarabu wana msemo wa kale, kwamba mafuriko yamefika kwenye mashimo ya kutegea simba. Mashimo hayo yalichimbwa juu ya vilima. Sasa maji yakifika huko, hapana tena pa kukimbilia. Si ndiyo maji ya shingo hayo?

Sasa tuliangalie neno dhiki lenyewe. Limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni wembamba, mahali pa kubana. Neno faraja nalo asili yake ni uwazi, mwanya, kitu kilichofunguka. Kwa hivyo tunaposema baada ya dhiki faraja, twasema baada ya njia nyembamba kuna mahali papana. Si sisi peke yetu. Wajerumani huita hofu Angst, na neno hilo ni ndugu wa neno lao eng, lenye maana ya kitu chembamba. Mja akibanwa, awe wa Lamu au wa Berlin, huhisi kuta zinamsogelea.

Na Qur'ani imelitumia neno hilo la kubana. Katika Sura ya 9, At-Tawba, aya ya 118, tunaelezwa habari za watu watatu ambao ardhi iliwabana pamoja na upana wake wote, hata nafsi zao zikawabana. Mmoja wao ni Ka'b bin Malik (R.A.). Alibaki Madina wakati wa safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, na hakuwa na udhuru. Wengine walikuja kwa Mtume (S.A.W.) na viapo vya uongo. Ka'b alisema kweli. Basi watu wakakatazwa kusema naye na wenzake wawili, kwa masiku 50. Hebu fikiria: mji ni ule ule, soko ni lile lile, lakini ukitoa salamu hujibiwi.

Katikati ya dhiki hiyo ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan, akimwambia njoo kwetu, tutakutunza. Hapa ndipo penye hatari, ndugu yangu. Waarabu humsema mtu anayekimbia mchanga uliochomwa na jua akaomba hifadhi kwenye moto. Sisi twasema ameruka majivu akakanyaga moto. Mchanga huo wa moto kwa Kiarabu ni ramdhaa, na ni katika asili hiyo hiyo ndipo lilipotoka jina la mwezi huu wetu, Ramadhan. Ka'b aliitia ile barua tanurini.

Nawe kijana uliyebanwa, barua zako zitakuja. Hazitakuwa na muhuri wa mfalme. Zitakuja kwa simu: kamari, uweke shilingi kidogo upate maelfu. Zitakuja kwa rafiki mwenye unga wa kuvuta, usahau kwa usiku mmoja. Zitakuja kwa mtu anayekuahidi kazi na safari asiyotaka wazazi wako waijue. Zote zasema njoo, hapa pana upana. Ukifika, ni moto. Zitie tanurini.

Kwetu Pwani, mtu akifikwa na jambo husema "nimepata mtihani". Ni neno zuri. Mtihani una mwanzo na una mwisho, na yuko Anayeusahihisha. Hata balaa, ambalo sisi twalitumia kwa msiba au hata kwa mtu mtukutu, kwa Kiarabu lina maana ya kujaribiwa. Lakini tusilifanye neno mtihani kuwa kifuniko. Usimwambie mwenye njaa "huo ni mtihani, subiri", kisha wewe ukaenda kufuturu sambusa zako. Huenda mtihani ule ni wako wewe pia.

Na wewe uliyebanwa, usione haya kusema. Nabii Ayyub (A.S.) alimweleza Mola wake kwamba madhara yamempata. Nabii Ya'qub (A.S.) alimshitakia Allah huzuni yake. Kusema shida si kukosa subira. Mwambie Mola wako katika sijda, kisha mwambie mzazi, imamu au rafiki mwenye siri.

Tumalizie kwa Ka'b. Toba yake ilipokubaliwa, alikwenda msikitini. Katika Muhajirina waliokuwepo, aliyeinuka akamkimbilia na kumpa mkono ni mmoja tu, Talha bin Ubaydullah (R.A.). Ka'b hakumsahau maisha yake yote.

Basi katika siku hizi zilizobaki za Ramadhan, mtu akikwambia "tuko tu", usipite. Muulize mara ya pili, polepole, mkiwa wawili. Na zaka yako ya fitri itoe mapema, kabla ya swala ya Idi, imfikie aliyebanwa naye apate pa kupumulia.

Allah atukunjulie vifua vyetu na awafungulie faraja wote walio katika dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.