Cagiva yetu na piyesi za Kasongo: maneno ya kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa chama



Mkutano uliopita mulituuliza neno moja: ile pikipiki ya Waitalia, tuiuze ao tuendelee kuitengeneza? Tunajibu mapema ili mtu asikae anangoja. Sisi wa kamati tunaomba ibaki, lakini kwa sharti moja. Kila piyesi inayokufa, mahali pake iingie piyesi inayouzwa hapa Kasongo, ao iliyochongwa na fundi wa hapa. Ile itakayokataa kabisa tutaiomba nje, na hizo ziwe chache za kuhesabu kwa vidole. Siku zitakapozidi vidole, tutaiuza sisi wenyewe bila kusukumwa.

Kwanza tujue tuko na nini. Ni Cagiva T4 ya 350, ya miaka ya 1980. Silinda moja, mapigo manne, inapozwa na upepo. Jina Cagiva limetoka kwa Castiglioni, Giovanni na Varese, mji wa kaskazini mwa Italia. Jamaa hao walianza mwaka 1950 na vyuma vidogo vidogo, wakaingia kwenye pikipiki mwaka 1978, waliponunua kiwanda cha Schiranna kilichokuwa cha Aermacchi na Harley-Davidson. Mwaka 1985 walinunua hata Ducati. T4 yenyewe ilitoka kiwandani miaka michache tu, na jeshi la Ufaransa liliitumia. Kwa hiyo ni chuma cha kazi, si cha kujionyesha. Lakini chuma kilichotengenezwa miaka michache, zamani namna hiyo, piyesi zake leo ziko kwa watu wa Ulaya wanaokusanya vitu vya kale, na wanauza kwa bei ya vitu vya kale.

Ilitufikia kwa ndugu yetu wa Ubelgiji, ndani ya kontena, ikapita Dar es Salaam, Kigoma, ziwani hadi Kalemie. Siku ilipoingia Kasongo watoto walikimbia nyuma yake juu ya sauti. Fundi wetu hakukimbia. Alizunguka mara mbili, akauliza: “Piki iko muzuri, lakini mapyesi iko wapi?”

Swali hilo ndilo limetuongoza mpaka leo. Na kuna wanaosema: si tungenunua tu Boxer ao TVS, kama kila mtu? Wako na haki. Piyesi za Boxer unazipata sokoni kabla jua halijapanda. Tena Wahindi hawa si wageni kwa mambo ya Waitalia: Bajaj, yule anayetengeneza Boxer, alitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio mpaka leseni ilipoisha mwaka 1971. Na Benelli ya Pesaro, kampuni ya mwaka 1911, tangu 2005 iko mkononi mwa Wachina wa Qianjiang. Hakuna aibu kufunga piyesi ya Mhindi kwenye pikipiki ya Mwitalia. Lakini Cagiva tulipewa, hatukununua, na Boxer mpya ingemaliza kese yote ya chama, pamoja na ile sehemu ya matanga na ya kodi za nyumba za waliorudi mwaka huu. Halafu njia za bonde la Luama wakati wa mvua munazijua. Pikipiki ndogo yenye mama mjamzito, dada yake na mzigo inapanda mlima ikilia. Hii inapanda.

Sasa kazi tuliyoifanya. Tuanze na rulema, zile ambazo sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tulizoea kuita beringi. (Jambo hili la maneno si la kucheka. Orodha moja ikiandika buji na nyingine plagi, moja karburateri na nyingine kabureta, aliye Ulaya anatuma kitu kimoja mara mbili. Tangu sasa daftari linaandika majina yote mawili.) Watu wengi wanafikiri rulema ya pikipiki ya Mwitalia ni ya Kiitalia. Hapana. Rulema haina kabila. Ubavuni kuna namba, na namba hiyo ni moja dunia nzima. Ikiandikwa 6302, tundu la ndani ni milimita 15, nje 42, unene 13, itoke Italia, Japani ao China. Ikiandikwa 6204, ni 20, 47 na 14. Basi tulitoa rulema zote za magurudumu, tukazisafisha na petroli, tukasoma namba, tukaenda sokoni na karatasi. Zote zilipatikana. Tulichagua zenye alama 2RS, maana yake ziko na mpira pande mbili, juu matope yetu yanaingia popote. Sili za mafuta vilevile: vipimo vitatu vimeandikwa juu ya mpira wenyewe. Kazi iliyosemekana itangojea kifurushi kutoka Milano ilimalizika Kasongo kwa siku moja.

Karburateri ilikuwa shida zaidi. Ya asili ni Dell'Orto, na ilikuwa imelika pale kipande kinapopanda na kushuka, hata injini haikutulia tena. Tulifunga ya pikipiki ya Kihindi ya 150. Kinywa chake ni kidogo kuliko cha asili, kwa hiyo mbio za juu zimepungua. Sawa tu, nani anakimbia huku? Chini inavuta vizuri na petroli inadumu. Fundi alichonga kipande cha alumini kwa tupa ili kuunganisha na kichwa cha injini, na katikati akatia mpira wa radiyateri ya lori. Mpira huo unavimba kwa petroli, kwa hiyo tunaubadilisha mapema, kabla haujalegea. Kujua kama hewa inaingia pale ni rahisi: injini ikiwa inanguruma polepole, mwaga maji ya sabuni kwenye kiungo, sauti ikibadilika, kuna tundu.

Hapa tuwaambie vijana wa garaji neno moja. Jigleri ya Dell'Orto yenye namba 120 ina tundu la milimita 1.20. Jigleri kubwa ya Mikuni haipimwi hivyo, namba yake inahesabu petroli inayopita. Kwa hiyo usichukue namba ya huku ukaitafuta kule. Soma buji. Baada ya mwendo mrefu, zima, itoe: ikiwa na rangi ya kahawia, petroli na hewa vinapatana, ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini inaungua ndani, ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi. Tulibadilisha jigleri mara tatu mpaka buji ikatoka kahawia. Na buji zenyewe, muangalie: kwa NGK namba kubwa ni buji ya baridi zaidi, kwa Bosch namba kubwa ni ya moto zaidi. Mtu akibadilisha mmoja kwa mwingine kwa kufuata namba tu, anapindua mambo.

Kisanduku cha umeme wa kuwasha tulikiacha cha asili, kingali kizima. Kikifa tutatafuta cha Kichina, lakini zipo aina mbili: moja inakula umeme wa koili iliyo ndani ya injini, nyingine inakula batiri. Kuzichanganya ni kukiua kisanduku kipya siku ile ile. Ndiyo sababu pia, fundi alipochomelea chuma cha nyuma, tulitoa kwanza waya za batiri na kisanduku chenyewe.

Chuma hicho cha nyuma ndicho tunachojivunia. Kiti cha mgonjwa kina mgongo wa kuegemea, vyuma viwili vya kukanyagia vimeshushwa chini ili mama asikunje magoti, na kreti haisukumi mzigo nyuma kupita mhimili wa gurudumu. Ukiweka mzigo nyuma ya mhimili, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na mlimani gidoni haisikii tena. Bomba hatukuchomelea juu ya chuma chembamba cha kiti. Tulizishusha mpaka kwenye fremu nene. Wamama watatu wamekalia kiti hiki wakienda hospitali kuu wakati wa uchungu. Mmoja wao alisema barabara ingali mbaya, kiti hakina kosa. Filta ya hewa ni sponji yenye mafuta, tunaiosha kila juma wakati wa kiangazi.

Sasa shene, ao cheni. Hapa tulikataa kufuata sharti letu wenyewe, na tunataka mujue kwa nini. Shene zinazouzwa hapa ni 428, za pikipiki za 100 mpaka 150. Yetu ni 520. Namba ya kwanza inahesabu sehemu za nane za inchi: 4 ni nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. 5 ni milimita 15.875. Mtu mmoja alitaka tuchonge piniyo na kurone mpya ili 428 ikae. Inawezekana. Lakini injini yetu inavuta zaidi ya mara mbili ya zile, na shene ikikatika inaweza kujikunja mbele na kupasua tumbo la injini. Hapo hakuna tena cha kuuza. Tena ikatike na mama yuko nyuma? Shene tutaiomba nje. Piniyo ya mbele tunaomba yenye jino moja pungufu; jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, na mlima unalipenda.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima na kwa uwazi. Mulitupenda, mukatuandikia mutatuma egzosi ya kelele nzuri, tangi kubwa la rangi na karburateri mpya ya asili. Asante sana, lakini tunaomba musitume. Egzosi ya kelele inaamsha watu wasiotakiwa kuamka kwenye njia fulani. Wenye kupita Salamabila wanatuelewa. Tangi kubwa linaongeza uzito mbele wakati wa kuvuka maji. Na karburateri ya asili, ikifa tena, inaturudisha kule kule kwa kungoja kifurushi. Tunaomba vitu vinne: shene ya 520 yenye viungo viwili vya akiba, piniyo ya meno pungufu, gaskiti za injini seti mbili, na pete za pistoni. Kabla ya kulipa, mumuonyeshe muuzaji picha na vipimo tulivyotuma. Duka moja la Ulaya lilikwisha kututumia gaskiti ya injini nyingine, na hazikurudishwa wala pesa haikurudi.

Sasa hesabu ya vidole. Vitu tusivyoweza kuvipata hapa, tukiviacha hivyo vinne, ni pistoni, valvu, mkono wa injini na meno ya giaboksi. Pistoni na valvu, fundi mwenye mashine nzuri Bukavu anaweza kujaribu kwa za pikipiki nyingine. Mkono wa injini na giaboksi, hapana. Kimoja cha hivi viwili kikivunjika, tunapendekeza injini isifunguliwe kwa pesa ya chama. Magurudumu, kiti na kreti zitolewe, chuma kiuzwe, na pesa iende kwa Boxer. Kiti tulikipima makusudi ili kiweze kukaa hata kwenye pikipiki ndogo, kwa kukata bomba mbili tu.

Kura itapigwa mkutano ujao. Atakayesema iuzwe sasa hatumuoni kama adui, pesa ni ya wote na wengine wangali wanalala kwa jirani. Tunaomba tu kabla ya kura aulize wale wamama watatu, halafu apite kwa mweka hazina aangalie daftari la namba na la matumizi. Aje na kitambaa, kurasa zimekwisha kuingia mafuta.