Kizunguzungu na Sikio la Ndani

Neno kizunguzungu, kama linavyotumika Musoma, Bunda na Butiama, limebeba maana nyingi kuliko umbo lake linavyoruhusu. Shina lake lataja mzunguko, lakini mgonjwa anayelitamka zahanati aweza kukusudia macho kuingia giza anaposimama ghafla, ulegevu wa njaa, au upungufu wa damu. Na kwa kuwa malaria haijaondoka kandokando ya Ziwa Victoria, ni rahisi kidole kitobolewe kwa kipimo kabla swali la msingi halijaulizwa: je, kuna kitu kinachozunguka? Mhadhara huu wamhusu kwanza yule anayejibu ndiyo, anayeona kuta na paa vikienda mbio ilhali amelala kitandani.

Ndani ya mfupa wa kila sikio, jirani na sehemu inayosikia, kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, iliyojaa majimaji na kuelekea pande tatu tofauti. Kichwa kinapogeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, huinamisha vinyweleo vya seli za fahamu, na neva huupelekea ubongo habari ya mgeuko huo. Watoto wanaojizungusha uwanjani mpaka waanguke hulithibitisha jambo hili bila kufundishwa, kwani mwili umekwisha kusimama, majimaji bado yanakwenda, na ubongo huamini kwamba ardhi ndiyo izungukayo.

Ugonjwa wa kawaida zaidi kwa wanaoona mzunguko huletwa na vijiwe vidogo mno vya kalsiamu kaboneti, ambavyo mahali pake ni kifuko kilicho jirani na mifereji hiyo. Vikibanduka, kwa umri au kwa pigo la kichwa, na kuingia mferejini, basi kila mara mtu anapoinua uso kutazama dari au kugeuka kitandani vijiwe huteremka, huvuta majimaji, na chumba huzunguka kwa muda ambao kwa kawaida haufiki dakika moja, huku mboni za macho zikichezacheza. Madaktari Dix na Hallpike walieleza mwaka 1952 namna ya kuitafuta dalili hiyo kwa kumlaza mgonjwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, na John Epley wa Marekani akachapisha mwaka 1992 njia ya kukigeuza kichwa hatua kwa hatua hadi vijiwe virudi kifukoni. Vyahitajika kitanda na mikono iliyofunzwa, si vidonge. Mzunguko unaodumu saa kadhaa, pamoja na mvumo sikioni na usikivu unaofifia, ni ugonjwa mwingine, ule ambao Prosper Ménière aliuhusisha na sikio mwaka 1861; na ukiandamana na ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hapo hofu ni ya kiharusi.

Hata hivyo, kwa swali lile la kama kuna kitu kinachozunguka, jibu la hapana haliliondolei sikio lawama. Streptomaisini, sindano iliyotumika kwa miongo mingi dhidi ya kifua kikuu, yaweza kuua seli za fahamu za masikio yote mawili kwa pamoja, na kwa kuwa hakuna upande unaoupinga mwingine, mgonjwa haoni mzunguko bali huyumba, naye pia husema ana kizunguzungu. Mchana huegemea macho yake. Lakini mvuvi wa dagaa aliyepatwa na hali hiyo hufanya kazi usiku usio na mbalamwezi, ili taa zivute samaki. Nje ya mwanga huo macho hayana cha kushika, nyayo zimekanyaga mbao zisizotulia, na sikio, ambalo wenzake mtumbwini hulitegemea bila kujua, halina habari ya kumpa.